UZI: Trekta nyekundu ina wenyewe wangapi? Historia fupi kabla hujapiga makofi kwa ahadi ya trekta

1/
Kila msimu wa kampeni ukifika upande wa Taveta, trekta haikosi kutajwa. Mmoja anapanda jukwaani anasema ataleta matrekta, kila wadi yake. Mwingine anamjibu kwamba serikali haina biashara na matrekta, soko liko huru, kampuni ni nyingi, mkulima achague mwenyewe. Wa tatu anasema yote ni njama ya mabeberu. Uzi huu hautaji chama wala mtu. Tunaangalia jambo moja tu ambalo wote watatu huliruka: hizo trekta zenyewe ni za nani, na zilifikaje kuwa zao?

2/
Tuanzie Mahoo ndio tusipotee. Mahoo ni wadi ya Taveta, mpakani na Tanzania, chini ya Kilimanjaro. Watu wanalima mahindi, ndizi, nyanya, vitunguu. Wengi wana shamba dogo na hawana trekta yao, wanakodi kwa ekari. Sasa msimu una siku zake. Mvua ikikukuta hujalima, imekula kwako. Trekta ya kukodi ikifa pampu ya haidroliki na spea ikachelewa wiki mbili, aliyeumia si mwenye trekta peke yake. Ni kila mtu aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake.

3/
Kwa hiyo swali la nani anamiliki kiwanda, nani ana haki ya kuuza spea, na nani ndiye wakala Nairobi, si swali la wasomi. Linafika mpaka shambani. Na jibu lake halipo kwenye boneti. Boneti inakwambia jina. Jina na mwenye jina ni vitu viwili.

4/
Turudi nyuma. Mwaka 1902 kule Chicago, McCormick na Deering, mahasimu wakubwa wa mashine za kuvunia, waliunganishwa pamoja na kampuni tatu ndogo. Pesa na mpango vilitoka kwa benki ya J.P. Morgan. Ikazaliwa International Harvester. Wakulima wa Marekani wakalalamika: jana tulikuwa na wauzaji watano, leo ni mmoja. Mwaka 1912 serikali yao ikaipeleka kampuni hiyo kortini kwa sheria ya kupinga ukiritimba. Yaani hili lalamiko la "kampuni zimeungana zinatukaba" lina zaidi ya miaka 100, na walioanza kulia si Waafrika. Ni wakulima wa Marekani wenyewe.

5/
Sasa ile nyekundu tunayoijua huku, Massey Ferguson. Jina lenyewe ni la muungano. Massey na Harris zilikuwa kampuni mbili za Canada, zikaungana mwaka 1891 zikawa Massey-Harris. Ferguson alikuwa mtu, Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini mwa Ireland. Yeye ndiye aliyeufanya ule mpango wa mikono mitatu nyuma ya trekta, inayobeba plau na kuiinua kwa nguvu ya haidroliki. Ukiona dereva anavuta kijiti na plau inapanda yenyewe, hiyo ni kazi ya Ferguson. Karibu kila trekta ya leo, ya rangi yoyote, imechukua wazo hilo.

6/
Ferguson mwenyewe alichoma vidole kwenye biashara. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, bila mkataba wa maandishi. Ford akaanza kutengeneza trekta yenye mfumo wa Ferguson mwaka uliofuata. Baada ya vita, kampuni ya Ford, ikiwa sasa mikononi mwa mjukuu wake, ikavunja ule urafiki lakini ikaendelea kutengeneza trekta ya namna ile ile. Ferguson akaenda kortini. Kesi ikaisha mwaka 1952 kwa makubaliano, akalipwa dola milioni 9.25. Mwaka 1953 akaunganisha kampuni yake na Massey-Harris, na kufikia 1958 jina likafupishwa: Massey Ferguson.

7/
Mwaka 1959 kampuni hiyo ikainunua Perkins ya Uingereza, watengenezaji wa injini za dizeli. Hapo ndipo mafundi wetu walipozoea kusema "MF na Perkins" kama pete na kidole. Katikati ya miaka ya 1960 ikatoka MF 135, trekta ndogo, ngumu, ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mwembe akaifunga tena. Nyingi zilitoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry. Weka jina hilo akilini, tutalirudia.

8/
Kabla hatujaendelea, jirani zetu wana somo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, makao Kongwa. Mpango ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3. Usimamizi wa mwanzo ulipewa United Africa Company, kampuni ya kundi la Unilever. Trekta mpya hazikutosha, wakanunua mitumba ya jeshi, nyingine zikatoka mpaka Ufilipino. Vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta. Udongo wa Kongwa ukikauka ni kama saruji. Mashine nyingi ziliharibika kabla mwaka wa kwanza haujaisha, na spea na mafundi havikutosha. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa, hasara ya pauni zipatazo milioni 36.

9/
Kongwa inatufundisha nini? Kwamba unaweza kuwa na pesa ya dola kubwa, amri ya serikali na trekta kwa mamia, na bado ushindwe, kama hujajua nani atakupa spea na fundi siku ya 200. Mwanasiasa wa leo anayehesabu trekta za siku ya uzinduzi, pale utepe unapokatwa, anahesabu ile siku rahisi.

10/
Turudi kwa nyekundu. Miaka ya 1960 nchi kadhaa hazikutaka kuwa wanunuzi tu. India ikasema: mkitaka soko letu, tengenezeni hapa. Mwaka 1960 ikaanzishwa TAFE kule Chennai, ikitengeneza Massey Ferguson kwa leseni. Pakistan ikawa na Millat. Yugoslavia ikawa na IMT. Poland, kupitia kiwanda cha Ursus, ikanunua leseni mwaka 1974. Ndiyo maana leo unaweza kukuta Kenya MF mbili zinazofanana kama mapacha, moja imezaliwa Ulaya, nyingine Pakistan. Wauzaji wanajua. Mnunuzi wa mara ya kwanza mara nyingi hajui.

11/
Angalia hapo vizuri, maana ndipo hoja ya "mabeberu wametufunga" inapoyumba. India ilikuwa maskini na iliwahi kutawaliwa kama sisi. Lakini iliuza ruhusa ya kuingia sokoni kwake kwa bei: kiwanda, mafundi, na spea zitengenezwe nyumbani. Sisi Kenya tuliendelea zaidi na njia ya wakala, yaani kampuni ya Nairobi inayopewa haki ya kuagiza na kuuza. Wakala ni kitu kizuri, ila wakala hana kiwanda. Akiondoka, anaondoka na funguo za stoo.

12/
Miaka ya 1980 ikaja dhoruba. Riba ilipanda, wakulima wa Marekani na Canada wakazama kwenye madeni, trekta zikakosa wanunuzi. Massey Ferguson ilikuwa karibu kufa. Serikali ya Canada na ya jimbo la Ontario ziliingia na dhamana mwaka 1981 kuiokoa. Mwaka 1986 kampuni mama ikabadili jina kuwa Varity. International Harvester, lile jitu la 1902, ikauza kitengo chake cha kilimo mwaka 1985 kwa Tenneco, wenye Case. Ndipo likatoka jina Case IH. IH ni kaburi la Harvester, limeandikwa kwenye boneti.

13/
Upande wa bluu nako hivyo hivyo. Ford iliinunua New Holland mwaka 1986. Mwaka 1991 Fiat ya Italia ikachukua asilimia 80 ya Ford New Holland, na baadaye Ford ikatoka kabisa kwenye trekta. Mwaka 1999 New Holland na Case zikaungana, kwa thamani ya dola bilioni 4.3, ikawa CNH. Kwa hiyo mkulima anayebishana na mwenzake kwamba "mimi ni mtu wa Case, wewe ni mtu wa New Holland", wote wawili wanampelekea pesa mwenye mali mmoja.

14/
Na nyekundu? Mwaka 1990 mameneja wa kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Deutz-Allis waliinunua kutoka kwa Wajerumani, wakaiita AGCO. Ilikuwa changa. Lakini ilikuwa na njaa. Mwaka 1994 ikamchukua Massey Ferguson, mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1997 ikachukua Fendt ya Ujerumani. Mwaka 2004 ikachukua Valtra ya Finland. Kile kiwanda cha Banner Lane, Coventry? Mwisho wa 2002 kilitoa trekta ya mwisho, kikafungwa. Kazi ikahamishiwa viwanda vingine, kama Beauvais ya Ufaransa na Canoas ya Brazil.

15/
Sasa ona jinsi mauzo haya ya mbali yanavyotua kwetu. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa ikiunganisha trekta za Valmet pale Kibaha, kwa ubia na Wafini. Valmet ndiyo ile ile iliyokuja kuitwa Valtra, ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa, mpaka ikaishia AGCO. Mkulima wa Tanzania aliyenunua Valmet hakuhama nyumba yake, lakini mwenye jina la trekta yake alihama mara kadhaa. Hakuna aliyemtumia barua.

16/
Kibaha hiyo hiyo, mwaka 2015, ukasainiwa mkataba na Ursus ya Poland wa trekta 2,400, kwa mkopo wa Poland. Ilikuwa habari njema: kuunganisha nyumbani, vituo vya huduma, spea. Zilizofika zilikuwa sehemu tu ya hizo. Mwaka 2021 Ursus ikatangazwa kufilisika. Hapa si kumcheka jirani. Holili iko hatua chache kutoka Taveta mjini, na sisi wengine hutafuta spea Moshi. Ni kusema tu kwamba kabla ya kuuliza "bei gani?", serikali yoyote ingeuliza "kampuni hii ina afya gani, na ikifa nani anarithi michoro na spea?"

17/
Kenya nako tuna yetu. CMC Motors ilianza mwaka 1948 na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa ikiuza New Holland. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Al-Futtaim ya Dubai, ikaondolewa kwenye soko la hisa la Nairobi. Januari 2025 ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Gailey & Roberts, duka la mashine lililoanza Nairobi mwaka 1904, liliwahi kuwa chini ya United Africa Company, wale wale wa Kongwa. Leo kazi yake ya Caterpillar inafanywa kwa jina la Mantrac, na wenyewe ni kundi la biashara la Misri. Kwa hiyo muungano haumezi viwanda tu. Unameza na maduka.

18/
"Sheria iko wapi?" Iko. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti ukiritimba mwaka 1988. Ikaja Sheria ya Ushindani ya 2010, iliyoleta Mamlaka ya Ushindani ya Kenya tuliyonayo leo. Tangu 2013 kuna pia tume ya ushindani ya COMESA kwa miungano inayovuka mipaka ya nchi wanachama. Hizi si karatasi tupu. Zinaweza kukataa ndoa ya makampuni au kuiwekea masharti.

19/
Lakini angalia nguvu zinavyopishana. Mwaka 1999 Case na New Holland zilipoungana, Marekani ililazimisha baadhi ya biashara ziuzwe, na Ulaya ikalazimisha kiwanda cha trekta cha Doncaster, Uingereza, kiuzwe pia. Masharti yale yaliandikwa kulinda mkulima wa Iowa na mkulima wa Ufaransa. Mkulima wa Taveta hakuwa kwenye karatasi. Si kwamba alichukiwa. Soko lake lilikuwa dogo mno kuhesabiwa. Ndiyo faida ya kuhesabiwa pamoja, nchi nyingi kwa tume moja, badala ya kila mmoja na kidirisha chake.

20/
Tuwe wa haki pia. Muungano si dhambi kila mara. Kama Massey Ferguson ingeachwa ife mwaka 1981, hizo MF 135 zetu zingekuwa yatima. Kampuni kubwa inaweza kubeba gharama ya utafiti ambayo ndogo haiwezi. Na ushindani haukufa: ulirudi kutoka Asia. Mahindra, Sonalika na wengineo wameingia soko letu. Mahindra hata ilianza trekta kwa ubia na International Harvester miaka ya 1960, leo mwanafunzi yuko hai na mwalimu amezikwa.

21/
Ila hata hao wa Asia wanamezana. Mahindra ilinunua wenye Swaraj mwaka 2007. Kubota ya Japani ilichukua usukani wa Escorts ya India mwaka 2022. Na AGCO na TAFE, baada ya miaka mingi pamoja, waligombana mpaka kortini. Mwaka 2025 wakakubaliana: TAFE ibaki na jina la Massey Ferguson kwa India, Nepal na Bhutan, na mikataba ya biashara kati yao ikafika mwisho. Jina moja, wenyewe wawili, kila mmoja na eneo lake. Sasa kama kaunti yako ina MF iliyozaliwa Chennai, swali la nani atakuuzia gia kesho si la kubahatisha. Ni la kuandikwa.

22/
Jambo la mwisho kwenye historia, na hili ndilo jipya. MF 135 ilifunguliwa kwa spana. Trekta mpya kubwa zinafunguliwa kwa kompyuta. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani iliishtaki John Deere, ikidai inawabana wakulima watengenezee mashine kwa mawakala wake tu, kwa sababu programu kamili ya kutafuta hitilafu wanayo mawakala peke yao. Kampuni inakanusha. Lakini fikiria: mkulima wa Marekani mwenye wakala mji wa pili analalamika. Wewe ambaye wakala wako yuko Nairobi au Mombasa utasemaje?

23/
Kwa hivyo turudi kwa wale watatu wa jukwaani.
Anayesema "kampuni ni nyingi": majina ndiyo mengi. Wenyewe ni wachache, na wanapungua. Hesabu wenye mali, usihesabu rangi.
Anayesema "ni njama ya mabeberu": India na Pakistan zilijadiliana, zikapata viwanda. Njama haielezi kwa nini sisi hatukujadiliana.
Anayesema "nitaleta matrekta": sawa, mzee, karibu. Lakini tuna maswali.

24/
Tangu 2013 kilimo kiko kaunti. Pesa ya trekta inapita kwenye bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo ina vikao vya wananchi kutoa maoni. Mkiitwa, ulizeni haya manne:
Moja, trekta hii imetengenezwa wapi, na mwenye jina ni nani leo?
Mbili, mkataba unasema nini wakala akifunga duka, au kampuni ikiuzwa?
Tatu, spea za miaka mitano zimewekwa wapi? Voi? Taveta? Ama ni "zitaagizwa"?
Nne, fundi wa hapa ataruhusiwa kuifungua, na atafundishwa na nani?

25/
Kiongozi asiyeweza kujibu hayo manne anakuletea picha ya uzinduzi, hajakuletea trekta. Na anayeyajibu, hata kama si wa chama chako, msikilize mpaka mwisho.

Mwisho wa uzi. Kama kwenu kuna trekta ya umma imelala, andika hapa chini: jina lililo kwenye boneti, na kitu gani kilichoisimamisha. Usitaje mtu. Tukusanye tuone ni spea gani zinakosekana zaidi, ndio tuwe na cha kusema bajeti ikija.